Tundu la Mstari wa Nne

Nilikaa Maandikoni siku thelathini na nne. Ninayoyaeleza hapa niliyaona mwenyewe, na pale nilipoambiwa tu nitasema niliambiwa. Kwetu mimi ni karani wa takwimu wa wilaya. Kazi yangu naifanya kwa kalamu na baiskeli, na hesabu ya wagonjwa wa mwezi wa tatu huwa naikamilisha mwezi wa sita. Mkuu wangu alikuwa amesikia kwamba iko nchi ambayo kila siku, kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi, serikali yake inajua yaliyotokea jana katika kila nyumba. Akanituma nikajifunze wanafanyaje.

Langoni niliulizwa kama mimi ni mtu. Nikasema ndiyo. Mlinzi akanieleza kwa upole kwamba jibu hilo hutolewa na wote, akanipa picha tisa za kuchorwa akaniomba nioneshe zenye punda. Nilionesha tatu. Kumbe ilikuwapo ya nne, ambamo punda alionekana sikio tu nyuma ya kichaka, kwa hiyo nikarudishwa mwisho wa foleni. Mara ya pili nilifaulu, nikaandikiwa cheti cha utu cha siku moja. Kesho yake nilitakiwa kuanza upya na punda wengine.

Katika nchi ile kila mwenye nyumba, duka, shule au zahanati anatakiwa na sheria kuandika mambo yake kwenye ukuta wa mbele, unaotazama barabara. Duka huandika bidhaa zilizopo na zilizokwisha. Shule huandika waliofika na wasiofika. Mtu wa kawaida huandika kama yuko nyumbani, ametoka, au yuko nyumbani lakini hataki wageni. Zamani, niliambiwa, watu walitembea wakasoma. Mtu akitaka unga alisoma kuta tano, akajua pia nani amefiwa na nani ana ng'ombe aliyepotea.

Kisha alitokea fundi seremala mmoja, jina lake Mbaruku, akatengeneza chekeche. Jina ni la chombo cha kuchekechea unga, lakini chombo chenyewe ni ubao mwembamba, mrefu kama mlango, uliotobolewa matundu. Kuta za aina moja huandikwa kwa mpangilio mmoja, kwa hiyo ukiutundika ubao juu ya ukuta, maneno yote hufunikwa isipokuwa yale unayoyataka, ambayo huonekana kupitia matundu. Chekeche la maduka ya unga linaonesha unga tu. Fundi Mbaruku hakuuza uvumbuzi wake. Aliacha kielelezo uwanjani na kila aliyetaka akakata la kwake. Ndani ya miaka michache nchi nzima ilikuwa na machekeche, na hakuna aliyekuwa na sababu tena ya kusoma ukuta.

Hayo yalizaa mabishano ambayo hata mimi niliyakuta yakiendelea. Wako wanaosema ukuta uliotazama barabara ni wa kila mtu. Wako wanaosema ni wa macho ya kila mtu, si wa mbao za kila mtu. Mwenye duka la nguo alinilalamikia kwamba asubuhi wachekechaji arobaini hujazana mbele ya ukuta wake hata mteja hapati pa kupita. Sheria inamruhusu kuweka kibao kidogo getini kinachosema mbao zisiingizwe sehemu fulani ya ua, na sheria hiyohiyo inasema kibao hicho ni ombi. Wanaokitii wanaitwa waungwana. Wasiokitii wanaitwa wachapakazi, na ndio wanaopandishwa vyeo.

Nilipangiwa kufuatana na mchekechaji wa serikali aitwaye Siwatu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye hatua ndefu. Zamu yake ilikuwa zahanati kumi na saba za upande wa mashariki. Chekeche lake lilikuwa na tundu moja tu, kwenye mstari wa nne, lililokatwa kwa upana wa tarakimu. Mstari wa kwanza wa ukuta wa zahanati ni jina, wa pili saa za kufungua, wa tatu vitanda, wa nne wagonjwa wa homa waliolazwa au kutibiwa siku hiyo, na kuendelea. Siwatu alitundika, akachungulia, akaandika namba kwenye kadi yenye jina la mahali, akatundua, akaenda. Kila zahanati ilimchukua muda wa kuvuta pumzi nne.

Alinieleza jinsi walivyofundishwa. Mchekechaji haruhusiwi kusoma nje ya tundu, kwa sababu kusoma kunachelewesha na kunampa mtu maoni. Mtihani wa mwisho chuoni ni ukuta ulioandikwa mzaha mkali kando ya tundu, na anayecheka hurudia mwaka. Mwenzake mmoja alikuwa amerudia mara tatu. Nilimuuliza Siwatu kama yeye aliuona mzaha wenyewe. Akasema hakuuona, na akalisema hilo kwa fahari ambayo wakati ule sikuona ubaya wake.

Haruhusiwi pia kuzungumza na mwenye ukuta, wala mwenye ukuta kuzungumza naye, ili mtu asije akaishawishi namba. Niliandika daftarini kwamba ni kanuni ya busara. Na kanuni iliyofuata niliipigia mstari mara mbili: kadi ya zahanati ikifika na namba inayozidi arobaini, gari la dawa na waganga hutoka saa ileile bila kuombwa ruhusa na mtu yeyote. Kwetu gari kama hilo linahitaji saini sita.

Tulifika Bondeni siku yangu ya tisa nchini, ya kwanza kufuatana naye. Zahanati yake iko mwisho wa barabara, nyumba ndefu nyeupe, na juu ya mlango ilining'inia bendera ya njano. Siwatu akaniambia ni Bendera ya Utulivu, iliyotolewa na Ofisi ya Muhtasari, inayopokea kadi zote, kwa sababu namba ya Bondeni haikuwa imebadilika kwa siku ishirini na sita. Akatundika ubao, akachungulia, akaandika kumi na mbili.

Mimi hakuna aliyenikataza kusoma. Nilikuwa nimesimama pembeni, na ukuta ulikuwa mpana kuliko ubao. Nilichokiona kwanza ni maandishi ya chini, kwa sababu yalikuwa makubwa. Mwandishi alianza kwa herufi za kawaida, na kadiri siku zilivyokwenda alikuwa ameongeza ukubwa, mpaka za mwisho zilikuwa na urefu wa mkono. Yalisema dawa imekwisha tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Yalisema wagonjwa wanalala wawili wawili. Kisha, kwa mkaa, kwa sababu rangi nayo ilionekana kumwishia: Yeyote asomaye, tafadhali njoo.

Nilimuuliza Siwatu kama ana hakika na kumi na mbili. Akasema ndiyo iliyo kwenye tundu. Nikamwomba aangalie upande niliosimama. Akaishika kadi bila kugeuza kichwa, na nikaelewa kwamba ninamwomba kitu kikubwa kuliko nilivyodhani. Alikuwa na miaka saba kazini bila kosa. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akikohoa, na mwingine akamfuatia.

Akatundua ubao, akaulaza chini, akausoma ukuta. Alisoma taratibu kama mtu anayerudia lugha aliyoisema utotoni. Vitanda, kumi na viwili. Wagonjwa wa homa, tisini na watatu.

Kilichotokea tulikibaini palepale. Ofisi ya Sura Njema ilikuwa imetoa agizo kwamba kila ukuta wa umma uongezwe mstari mpya juu kabisa, unaosema: Kwa kuutazama ukuta huu umekubali kwamba unautazama. Agizo lilitoa muda wa miezi sita, na zahanati nyingine zote za zamu ile zilikuwa zinasubiri mwezi wa sita. Bondeni peke yake ilitii wiki ileile. Mistari yote ikashuka hatua moja, tundu la nne likawa linaangalia vitanda, na vitanda haviongezeki.

Nilidhani tutaingia ndani kumwona mwangalizi wa zahanati. Siwatu akasema hapana, namba isiyotoka kwenye tundu haipokelewi, na akiingia na kuzungumza naye kadi yoyote ya Bondeni itabatilishwa na hakuna gari litakalotoka. Tukarudi mjini kwa haraka mno, yeye mbele na ubao begani.

Mkuu wa Muhtasari, Bwana Machano, alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, na alituagizia chai ya tangawizi kabla hajauliza tumeleta nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua jalada la Bondeni akatuonesha kadi ishirini na saba, zote kumi na mbili, akasema katika nchi nzima hakuna mahali penye takwimu safi kama pale. Akakumbuka pia kwamba watu wawili kutoka Bondeni walikuwa wamekuja wiki iliyopita kusema kuna homa. Wakaambiwa mambo ya mdomo hayapokelewi, warudi wakayaandike ukutani. Wakasema yameandikwa. Wakajibiwa kwamba yangekuwa yameandikwa, yangekuwa kwenye kadi.

"Na jibu hilo," nikamuuliza, "ulilitoa wewe?"

"Lilitolewa na meza ya mapokezi," akasema. "Lakini ningekuwa pale ningelitoa mimi."

Hakusema kwa kiburi. Aliitisha baraza kesho yake asubuhi, jambo ambalo niliambiwa kwa kawaida huchukua wiki tatu.

Baraza lilikuwa na wajumbe tisa, na mafundi walikuwa wakitengeneza dirisha la ukumbi, hivyo wasemaji walilazimika kupaza sauti. Siwatu alisimama akaeleza. Mjumbe wa kwanza alisema suala si homa, suala ni macho: tukiyakubali macho ya huyu, kesho tutayakataaje ya yule? Mjumbe wa pili alisema kumi na mbili imeonekana mara ishirini na saba na tisini na tatu mara moja, na kwamba yeye ni mtu wa kufuata walio wengi. Wa tatu aliuliza kama inawezekana ukuta ndio uliokosea. Hoja hiyo ilipendwa, ikajadiliwa kwa muda mrefu. Mimi niliitwa kutoa ushahidi, nikaeleza nilichokisoma, na katibu akaandika: maoni ya nje.

Wakakubaliana kutafuta uthibitisho. Mchekechaji mwingine alitumwa Bondeni kwa farasi, na chekeche jipya kabisa lililokatwa na karakana nyingine. Akarudi baada ya saa mbili na kadi. Kumi na mbili. Baraza likapumua. Sasa machekeche mawili yalikuwa yamekubaliana, na hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba yote mawili yalikatwa kwa kielelezo kimoja.

Siwatu aliuliza kama yule aliyetumwa amesoma ukuta. Aliyetumwa akasema, kwa haki, kwamba hakuajiriwa kusoma. Mwenyekiti akamwambia Siwatu kwamba yeye ndiye aliyekiri kusoma, na kwamba adhabu yake itapangwa wakati wake. Tundu linaweza kuhamishwa, akaongeza. Kazi hiyo ni ya Kamati ya Matundu, inayokutana kila robo mwaka, na imekutana wiki iliyopita.

Nilimtazama Siwatu. Nilitegemea alie au apaze sauti, na nadhani wajumbe nao walitegemea hivyo, kwa sababu mmoja alikwisha kumsogezea glasi ya maji. Badala yake aliugeuza ubao wake na kuusoma mgongoni. Upande ule hukaa ukiutazama ukuta, na tangu ubao ukatwe hakuna aliyekuwa na haja nao. Kulikuwa na maneno yaliyochomwa kwa chuma cha moto. Yako kwenye kila ubao, maana mafundi waliiga kielelezo cha Mbaruku chote, na maneno yake pamoja. Akayasoma kwa sauti.

"Hiki nimekitengeneza kwa kuta nilizoziona mimi. Ukuta ukibadilika, kikate upya. Wa kukikata ni yeyote aliyeona kwamba umebadilika."

Mjumbe mmoja akasema maneno ya mgongoni hayajawahi kupitishwa na baraza. Mwingine akasema hayajawahi kukataliwa pia. Walipokuwa wakilijadili hilo, Siwatu alikwenda dirishani, akaomba msumeno kwa fundi, naye fundi akampa bila kuuliza, kwa kuwa hakuwa mjumbe. Akaulaza ubao sakafuni, akapima kidole kimoja na nusu chini ya tundu la nne, akaanza kukata. Sikujua nifanye nini, nikaushika ubao usitikisike. Tundu lilitoka baya, limepinda upande mmoja, lenye vinyuzi vya mbao pembeni. La zamani akaliziba kwa nta ya mshumaa. Baraza lilikuwa bado kwenye suala la kukataliwa tulipotoka.

Bondeni tulifika mchana. Alitundika ubao kama sheria inavyotaka, akachungulia kupitia tundu, akaandika kadi bila kuzungumza na mtu. Mia moja na nne.

Kadi ilimfikia Bwana Machano saa tisa, nami nilikuwapo. Aliitazama. Akautazama ubao, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu mpaka kijiti kikamchoma, akakitoa. Angeweza kuuliza tundu hilo limekatwa na nani, na jibu angelijua kabla hajaliuliza. Alifungua pedi ya wino.

"Kadi ni kadi," akasema, akagonga muhuri.

Gari la dawa lilitoka saa ileile, kwa sababu ndivyo sheria ilivyo, na hakuna mtu aliyeombwa ruhusa.

Barua ya baraza ilikuja wiki iliyofuata, na nitaitaja sasa nisije nikairudia. Katika ibara ya kwanza Siwatu alipongezwa kwa kuokoa maisha. Katika ibara ya pili alisimamishwa kazi miezi mitatu kwa kusoma. Bendera ya Utulivu ilichukuliwa na kupewa mji mwingine, ambao namba yake haikuwa imebadilika kwa siku arobaini. Nilimwuliza katibu kama kuna aliyekwenda kuusoma ukuta wa mji huo. Akaliandika swali langu na kunishukuru.

Lakini alasiri ile ya gari tulikuwa bado hatujui lolote kuhusu barua. Tulipanda nyuma ya gari pamoja na masanduku. Waganga waliingia ndani moja kwa moja, na sisi tukabaki nje, kwa kuwa hatukuwa na kazi ya kufanya. Baada ya muda alitoka mwanamume mmoja, mrefu, mwenye ndevu za siku nyingi na mikono myeusi kwa mkaa. Alikuwa Shomari, mwangalizi wa zahanati, ndiye aliyekuwa akiuandika ukuta. Alikaa kwenye kizingiti. Kwa kuwa kadi ilikwisha kupokelewa, aliruhusiwa kuzungumza nasi.

Alisema kila asubuhi alikuwa anamwona Siwatu kupitia dirisha. Alimwona akija, akitazama ukuta, akiandika, akiondoka. Siku za kwanza alifurahi. Alirudi kwa wagonjwa akawaambia wameshaandika, watakuja. Baadaye akadhani herufi ni ndogo, akazikuza. Baadaye akadhani anaandika bila adabu, akaongeza tafadhali.

"Nilikuona ukiandika kila siku," akamwambia. "Nikajua mmesoma, mkaamua kutokuja."

Siwatu hakujitetea. Angeweza kumweleza habari za tundu, na kanuni, na agizo la Sura Njema. Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumsaidia. Alinitazama nikafunga.

"Hatukusoma," akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa nasimama hapa na sikusoma."

Shomari aliinamisha kichwa. Sikuweza kujua kama hilo lilimpunguzia uchungu au lilimwongezea. Nilifikiria majalada yangu kule nyumbani, hesabu za mwezi wa tatu ninazozimaliza mwezi wa sita, na majina ambayo huwa nayajumlisha nikayaacha.

Siwatu aliuacha ubao garini akausogelea ukuta mikono mitupu. Alianza juu kabisa, kwenye ule mstari wa kukubali kwamba unautazama, akausoma kwa sauti, akaendelea na jina la zahanati, saa za kufungua, vitanda, wagonjwa. Akasoma siku dawa ilipokwisha. Akachuchumaa ili afikie sehemu ya chini, ambayo hata mimi sikuwa nimeifikia, kwa sababu ilikuwa karibu na ardhi na imeandikwa kwa herufi ndogo ambazo Shomari hakuzikuza. Yalikuwa majina ya waliofariki, kumi na moja, kila moja na siku yake. Aliyasoma moja moja bila haraka. Shomari alisimama, akaja nyuma yake akisikiliza. Jina la nane Siwatu alilitamka Mkasi, na Shomari akamsahihisha kwa sauti ya kawaida kwamba ni Mkaasi, hivyo ndivyo mama yake alivyopenda liitwe. Siwatu akarudi akalisema upya, kisha akaenda kwenye la tisa.